Siku Niliyomtembeza Mama London

Kaka yangu alipiga simu kutoka Unguja asubuhi, nikiwa natafuta viatu. Mama mdogo, ndugu pekee aliyebaki kwa mama yetu, alikuwa amefariki alfajiri. Wangemwosha baada ya adhuhuri na kumzika baada ya alasiri. Kisha kaka akatoa amri, kama kawaida yake.

"Mama usimwambie. Mtoe akatembee kama mlivyopanga. Usiku kusanya watu wa huko, wanawake wawepo, ndiyo umwambie. Ana presha yule, asije akatufia ugenini."

Kwetu ndivyo ilivyo. Msafiri hapewi habari ya msiba njiani, na aliye mbali haambiwi akiwa peke yake. Huachwa ale, apumzike, mpaka wapatikane wa kumshika. Sikuwa na ugomvi na desturi hiyo mpaka iliponifika mimi. Kazi yangu hapa ni kutunza wazee wa watu, na nimeshawapigia watoto wao simu za misiba, wakanishukuru, wakakata. Hii ilinishinda.

Ilinishinda kwa sababu nilijua jambo ambalo kaka hakulipa uzito. Mama na mdogo wake ndio waliokuwa waosha maiti wa mtaa wetu. Akifa mwanamke, huitwa wao, na huenda pamoja, mmoja na kopo la maji, mwingine na karafuu maiti. Na walikuwa na ahadi, waliyoisema mbele yangu mara nyingi jikoni, wakikuna nazi na kucheka: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Sasa mmoja alikuwa amelala Unguja akisubiri maji, na mwingine alikuwa sebuleni kwangu Barking, sweta mbili ndani ya buibui, mkoba mapajani, anasubiri kuonyeshwa London.

"Nampigia mdogo wangu tangu nilipotoka kusali, hapokei," akasema.

"Mtandao leo mbaya, mama."

"Mtandao wa Ulaya nao hukatika? Na sisi kwetu tunajilaumu bure!"

Nikaichukua simu yake, nikamwambia naitia chaji, nikaizima na kuitumbukiza mkobani mwangu. Tukatoka.

Kwenye treni mama alitaka kujua kwa nini watu hawasalimiani. Nilimjibu hovyo. Kila kituo kilichopita nilijumlisha kichwani zile saa mbili wanazotutangulia kwetu: kule sasa wameshatandika mikeka, sasa wamekwenda kununua sanda, sasa wanawake wanaingia na leso zao. Roho ilikuwa juu juu. Tulipofika Westminster nilikuwa wa kwanza mlangoni, mama akabaki nyuma anapepesuka na watu wanampita.

Darajani nilimpiga picha na ule mnara wa saa. Akautazama sana.

"Wanatoka dunia nzima kuja kutazama saa," akasema, "na kila mmoja ana saa yake mkononi."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo sikuuona hata mnara, niliona mishale tu, inasogea. Nikamshika mkono nikamwambia twende.

"Kwani unakimbizwa na nani weye? Umeniambia uko off leo."

"Kuna mengi ya kuona, mama."

"Basi niache niyaone."

Tukawa kiguu na njia. Tulipofika mbele ya nyumba ya mfalme alishika vyuma vya uzio na kuhesabu madirisha, akashindwa, akauliza nani anafagia kote huko. Askari wa farasi wakapita. Akanitaka nimpige picha na farasi, nikampiga harakaharaka hata picha ikatoka na ukungu. Alikuwa anacheka. Niliuchukia ule mcheko wake na nikajichukia kwa kuuchukia. Nilimchukia kaka pia, aliyekuwa kwenye baraza na wanaume wenzake, kazi ameshanikabidhi.

Tukapanda basi mpaka Hyde Park, kwenye lile ziwa, maana hapo pana benchi na magoti ya mama yalikuwa yanalalamika. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Mama akatoa mkobani chapati alizozifunga kwa foili tangu asubuhi, kwa sababu chakula cha kununua njiani hakiamini, akanipa moja. Nikaishika tu. Mabata bukini walitujia mpaka miguuni, wakubwa, wanene, hawana haya.

"Mtume! Hawa hawachinjwi?"

"Hawachinjwi, mama. Wana sheria yao."

"Lete simu yangu, imeshajaa hiyo. N'mwonyeshe mdogo wangu mabata haya. Miye najua atakalosema, ataniuliza nimekosa kisu?"

Akanyoosha mkono, kiganja wazi, anaisubiri simu.

Nikatazama saa. Adhuhuri ilikuwa imeshapita kwao. Nikingoja usiku, nitampa habari ya mtu aliyekwisha kuoshwa na wengine, akazikwa, wakati yeye anawacheka mabata. Nikayaona macho yake ya kesho. Kaka na amri yake nikawaweka kando.

"Mama, mama mdogo hatunaye tena. Alfajiri ya leo."

Hakupiga kelele. Alisema innalillahi, mara moja, polepole, kisha akaikunja ile foili ya chapati vizuri kama anayetafuta kazi ya mikono. Nikamkumbatia mabegani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani chini ya zile sweta.

"Wameshamwosha?"

Hakuuliza alikufaje, hakuuliza nani alikuwapo.

"Wanaanza sasa."

"Nipigie."

Nikampigia binti wa mama mdogo. Alipokea analia, na nyuma yake nikasikia sauti ya kaka ikifoka, si nilikwambia usiku? Mama akaninyang'anya simu.

"Ondoka mlangoni hapo weye, chumba cha wanawake hicho. Na simu mwachie mwenzio."

Nikasikia mlango ukifungwa. Kaka, mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameondoka.

Akakataa video. Akasema masikio yanamtosha. Akawauliza nani kashika maji, nani kashika shuka ya kumsitiri, akawaambia maji yawe vuguvugu kwa sababu marehemu hakupenda baridi, waanze upande wa kulia, wasizungumze ya dunia. Aliongea kwa sauti ile ile niliyoisikia utotoni nikiwa nje ya milango iliyofungwa, sauti ya kazi. Vijana walipita wakikimbia, mbwa akaja kunusa chapati, mwenye mbwa akaomba radhi. Mama hakuwaona. Macho yalikuwa kwenye maji ya ziwa, na mkono wake wa bure ulikuwa unasugua goti langu taratibu, kutoka juu kwenda chini, kisha tena. Nilikuwa nalia waziwazi, sijali nani ananitazama.

Mara akakaa wima.

"Nani kashika mkono wa kushoto? Polepole hapo. Haunyooki huo, tangu alipoanguka kisimani, tungali watoto. Msiulazimishe jamani," akasema. "Unamuuma."