Ukuta wa Shangazi Ugenini

Jina la Shangazi alilipatia ugenini. Watoto wa kaka yake walikuja kumtembelea likizo moja, wakashinda wakimwita hivyo kutwa, na majirani wakadhani ndilo jina lake. Tangu hapo mwenye duka la mbegu alimwita Shangazi, karani wa halmashauri alimwita Shangazi, kila mmoja kwa matamshi yake, naye hakumsahihisha mtu. Alisema heshima ukipewa na asiyejua kama anakupa, wewe pokea tu.

Maisha yake ya kazi yaliishia katika chumba cha nyuma cha karakana ya mapazia, mjini, akipinda kingo za vitambaa vya watu wenye madirisha makubwa. Mumewe aliendesha basi. Walikuwa wapangaji tangu ujana wao: juu watu, chini watu, ukipiga chafya jirani anakuombea afya kupitia ukutani. Kwa hiyo walipostaafu na kupata kipande cha shamba mbali na mji, chenye kijumba cha vyumba viwili na kisima kilichoota majani, mumewe alisimama katikati ya magugu akasema kwamba hapa mtu akitaka kumsikia akikoroma itabidi kwanza apige hodi.

Walioingia bila hodi walikuwa nguruwe pori. Mtu na mkewe walipanda viazi, nguruwe wakavuna. Wakazungusha wavu, nguruwe wakauinua kwa pua wakapita. Hapo mumewe akaanza kujenga ukuta kwa mawe aliyoyang'oa mwenyewe shambani. Hakuwa mwashi. Upande wa kwanza ulipinda kama mgongo wa punda, akaubomoa akaanza upya, huku Shangazi akimshikia kamba na kumkosoa, maana jicho lake halikuvumilia mstari uliokwenda upogo. Walizozana, wakacheka, wakanywa chai wamekaa juu ya mawe. Ukuta ukapanda mpaka mabegani, na viazi vikapona.

Mzee hakuvila sana. Asubuhi moja alikaa kwenye kiti cha jikoni ili avae viatu, akavaa kimoja.

Msiba haujapoa, akaja mkaguzi wa halmashauri, mtu mpole mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Alitoa pole, akavuta tepu, akapima. Kisha akaeleza kwamba eneo lile ni la kilimo, na katika eneo la kilimo ukuta wa mawe hauruhusiwi kupita kiuno. Juu yake ni waya tu, wenye matundu makubwa, na chini lazima ziachwe nafasi ili maji ya mvua na wanyama wadogo wapite. Tena hakukuwa na kibali. Aushushe, la sivyo halmashauri italeta mashine.

Shangazi aliuliza ni nani aliyepeleka maneno. Mkaguzi akasema hilo haruhusiwi kulitaja. Lakini kuna haja gani ya kutajiwa? Jirani aliyepakana naye alikuwa mmoja tu, mchungaji wa kondoo, mtu wa maneno machache. Shangazi akamnunia. Akipita na kondoo wake, yeye anageukia kisima. Siku aliposhindwa kuimeza hasira tena alimfuata mpaka zizini akamuuliza ukuta wa marehemu ulimkosea nini.

Mchungaji aliweka ndoo chini. Akasema hakulalamika, ingawa angekuwa na sababu, maana mvua ikinyesha maji yanagonga ukuta ule na kusimama kwenye malisho yake. Aliona haya kumsumbua mfiwa. Aliyelalamika ni mwenye jumba la juu mlimani. Alikuja hata kwake kumtaka aunge mkono, akidai ukuta ule unaharibu mandhari anayoyaona akiwa barazani. Mchungaji akakataa.

Shangazi aliomba radhi, na aliiomba kwa dhati. Kisha akainua macho kulitazama jumba. Lilizungushiwa ukuta mweupe wa matofali, mrefu kupita lori, usio na tundu la kupita hata panya, ulioteremka mpaka kijitoni na kuziba njia ya kondoo kwenda kunywa maji. Alikuwa ameuona kila siku, lakini siku hiyo damu ilimchemka hadi masikioni.

Binti yake alimsihi kwenye simu. "Mama, achana nao. Shusha ukuta ukae kwa amani."

"Amani gani hiyo, mwanangu, ya kuinamishwa mimi peke yangu?"

Akavaa nguo zake za kutokea, akaenda halmashauri. Mkaguzi alimpa kiti. Alikiri kwamba jumba la juu lina ukuta usio wa kawaida, ila faili lake linashughulikiwa. Shangazi akauliza linashughulikiwa tangu lini. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Baba," alisema Shangazi, "sikuja kuomba ukuta wangu uachwe. Maji nimeyaona, yanasimama kwa jirani, na hilo ni kosa letu. Nitaushusha. Lakini kwetu tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwenu mbona una meno upande wa maskini tu?"

Shangazi akarudi nyumbani na kuanza kushusha mawe ya mumewe kwa mikono yake. Hakutaka mashine iyaguse. Mchungaji alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili. Katika kila jiwe aliloliinua Shangazi, uchungu wake ulikuwa wa namna mbili: wa kufiwa, na wa kuonewa, na wa pili ndio uliompa nguvu. Mawe waliyoyashusha waliyatumia kukinga udongo kwenye mteremko, chini ya ukuta wakaacha nafasi za maji, na juu yake wakafunga waya mnene.

Mkaguzi alipokuja kuhakiki, aliridhika, akataka kuaga. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu vya kupandia mlima. Akamwambia tepu asiikunje. Walipanda pamoja, mchungaji nyuma yao, na mwenye jumba akatoka getini kusema kwamba mambo yake yanaongelewa na wakili. Mkaguzi alisita. Halafu, huenda kwa sababu ya macho mawili yaliyomkodolea ubavuni, akavuta tepu akapima, akaandika mbele ya wote.

Kilichotoka ni nusu mkate. Baada ya kesi ndefu, mwenye jumba aliamriwa kufungua njia ya kijitoni, na kondoo wakarudi kwenye maji yao. Ukuta mweupe uliobaki umesimama, faili bado linashughulikiwa. Binti yake akimuuliza kama hasira zimeisha, Shangazi humjibu kwamba zimeshushwa kimo tu.

Na kila siku ya soko, kabla hajanunua chochote, huingia ofisini kwa mkaguzi, huvuta kile kiti, hukaa, na kuuliza habari za kule juu. Mkaguzi siku hizi akiuona mkoba wake mlangoni huanza kulitafuta faili kabla hajaulizwa.