Kivumbasi Kisichonukia

Nilikuja Mombasa kutoka bara kufanya kazi bandarini, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu. Juu ya paa alipanda kivumbasi katika makopo ya mafuta ya kupikia, na watu walimjia kutaka majani ya kujifukiza wakishikwa na mafua.

Mwaka wa pili alikwenda Lamu arusini, akakaa mwezi mzima, akaniachia kazi ya kumwagilia. Nilitaka arudi afurahi. Nilinunua mbolea ya dukani, zile chembe nyeupe, nikatia kila kopo gao zima la mkono. Kivumbasi kikashamiri, majani yakawa mapana hata nikawaonyesha majirani.

Aliporudi alipanda paani kabla hata ya kuvua buibui. Akachuma jani, akalifikicha, akalinusa. Akajaribu la kopo jingine. Hayakuwa na harufu. Akaniuliza kwa upole nimeilisha nini mimea yake, nikamwambia. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba mbolea ya dukani ni sumu, na ndivyo alivyowaambia watu siku zote.

Asubuhi yake akaja mwanamke wa mtaa wa Tudor, mteja wake wa miaka, mafua yamembana. Nilidhani atachumiwa fungu kubwa.

“Niwie radhi, dada,” mama alimwambia. “Majani ninayo, dawa sina.”

Akamwelekeza kwa muuzaji mwingine huko Bondeni. Mimi nilitahayari.

Baadaye nilimuuliza kama ana hakika kweli kosa ni mbolea. Mwingine angekasirika. Yeye alifikiri kidogo, akaleta makopo manne, akatia udongo mmoja na mbegu za aina moja. La kwanza hakulitia kitu. La pili alilitia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, la tatu chembe chache za mbolea yangu, la nne gao zima kama nilivyofanya mimi. Yote akayamwagilia sawasawa.

Mimea ilipokomaa alijifunga macho kwa leso yake, akaniambia nimpe majani moja moja bila kusema yametoka wapi. Lile la kopo la nne alilitupa mara moja, akasema ni nyasi. La kwanza alilisifu, ila lilikuwa dogo mno. Mawili yaliyobaki aliyanusa kwa muda mrefu, kisha akainua moja na kusema hili ndilo la samadi.

Lilikuwa la chembe chache.

Nilipomwambia, alifungua leso akalitazama lile jani.

“Basi nimeisingizia mbolea yako, mwanangu,” alisema. “Kosa lilikuwa kipimo.”

Wiki ile nzima nilimsikia akiwaeleza hivyo wote waliopanda ngazi zake, kwamba alikuwa akiwaambia lisilo sawa. Alikuwa amepita miaka sitini, na hakuna aliyemdai maelezo. Ofisini kwetu nimefanya kazi na wakubwa wengi wenye elimu, lakini sijamwona hata mmoja aliyejifunga macho ili ajisahihishe.