Sufuria ya Matanga

Kama kuna mutu Butembo aliyezaliwa akidharau, ni Muyisa, muyeyusha vyuma wa kutengeneza sufuria. Alidharau sufuria za dukani, akadharau waliozinunua, na mafundi wenzake aliwaita wapika uji. Ubaya ni kwamba kazi aliijua kweli. Hakuyeyusha kitu ila pistoni za kamio, yale malori makubwa, na sufuria yake ikianguka, unaokota sufuria, si vipande.

Wanawake wa avenue, mtaa wake, walipotaka sufuria moja kubwa ya kupikia matanga, walikwenda kwake. Virginie, kiongozi wao, alimweleza sharti: kila nyumba italeta kopo moja la vyuma chakavu, hakuna kuzidi wala kupungua, ili siku ya msiba asionekane wa kusema sufuria ni yake. Hata Solange, aliyekimbia vita ya Oicha na batoto tu mkononi, alijaza kopo lake kwa kuokota njiani. Wakamwaga mbele ya Muyisa robineti, karbureta, waya wa shaba, vifuniko. Akacheka kwa pua.

Wa kwanza kumwaga kopo alikuwa mama yake, mzee Kyakimwa, ambaye kifua kilikuwa kimeshamchosha.

“Mutoto yangu, uitengeneze muzuri,” akamwambia. “Ile njo italisha batu siku yangu.”

Muyisa alijua litakalotokea. Vyuma vya kila namna vikiwa moto hupatana. Vikianza kupoa, kila kimoja kinarudia tabia yake, hiki kinajikunja, kile kinagoma, na ugomvi unabaki ndani ya ukuta wa sufuria ukingojea moto mwingine. Angeweza kuwaambia. Angeweza hata kuifukia ndani ya majivu ya moto, ipoe polepole, vizoeane. Lakini apoteze majivu yake kwa takataka za wanawake? Aka! Akaitumbukiza kwenye maji ingali nyekundu ya hasira, akawapa. Iwapasukie, alijiambia, watapata akili.

Mvua hazijaisha, Kyakimwa akafa. Muyisa alipotoka makaburini alikuta sufuria iko juu ya mafiga, imejaa maharagi, na wageni wa Beni na Kipese wamekaa wanangoja chakula. Mdomo wa kutukana watu alikuwa nao siku zote. Wa kusema “iteremsheni” hakuwa nao. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema, wakasahau kwamba wengine huingia pamoja na mama zao. Ukuta ukapasuka mpaka chini. Maharagi yakazima moto, na watu waliokuja kumlilia Kyakimwa wakaondoka na njaa.

Jioni wanawake wakaja kwake, vichwa chini, Virginie mbele.

“Utusamehe, Papa Muyisa,” akasema. “Ni sisi tulikuletea byuma bya mubaya. Tumekuletea aibu ku matanga ya mama yako.”

Solange alikuwa analia. Muyisa akawatazama mmoja mmoja. Kisha, mwanaume mzima na ndevu zake, akawasamehe.