Mkono Begani

Wakili yule hakumgusa mtu bure. Alikuwekea mkono wa kushoto begani, akakugonga kwa kidole mara mbili, taratibu, kama anayembembeleza farasi. Thirza, dobi wa mji mmoja wa Wyoming, Marekani, aliuona mkono huo begani mwa mumewe siku ya kesi. "Tulia, bwana. Mengine niachie mimi." Mumewe akatulia, mpaka kitanzini.

Leo wakili anagombea ubunge, na kwa kuwa huku, tofauti na kwingine nchini, wanawake nao hupiga kura, amemfuata Thirza kwenye pipa lake la kufulia. "Kura yako, mama, na ya mumeo pia. Mengine niachie mimi." Aliyenyongwa alikwisha kumsahau. Kidole kikamgonga Thirza begani mara mbili. Thirza akajikuta ameishika shingo yake mwenyewe kwa mikono yenye povu.