Ungo wa Korosho za Zuhura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nausikia tena mchanga wa moto chini ya nyayo zangu. Ni siku niliyokwenda kumuaga mfiwa, nikiwa nimeshaamua kuacha ualimu.

Jana ulinipigia simu kutoka huko Ruangwa ukalia. Ulisema darasa limebaki madawati, watoto wamekwenda kwenye korosho, na wachache waliobaki hadithi zao ni mpira na machimbo ya dhahabu. Ukasema huoni unamfundisha nani. Sikukujibu palepale, maana simu ina haraka na mimi sina. Sasa nakujibu taratibu.

Mimi nilianzia kazi shule moja ya kijiji upande wa Nanganga, binti mbichi kutoka kwetu Mtua. Ualimu sikuupenda. Alama zangu ndizo zilizonipeleka huko, na aliyekwambia walimu wote tumezaliwa na wito alikuwa anatupamba tu. Lakini darasani kwangu alikuwamo Zuhura, mtoto mdogo aliyelelewa na bibi yake, Bibi Mwanahawa. Zuhura akisoma kwa sauti, hata mimi nilinyamaza nikamsikiliza. Kwa ajili yake niliamka asubuhi nikachana nywele nikaenda kazini.

Msimu wa korosho ukafika. Unajua kwetu huku, korosho haimngoji mtu, ikianguka, iokotwe. Familia zikahamia mashambani, na Zuhura akaenda na bibi yake. Siku moja, alipokuwa anapekua majani makavu chini ya mkorosho, nyoka akamuuma mkononi. Zahanati ilikuwa mbali na njia ilikuwa mchanga mtupu. Hakufika.

Nililia, mwanangu. Mkono niliouzoesha kalamu ndio ulioumwa. Nikajiuliza, kusoma kule kote kumemfaa nini? Nikaona kufundisha ni kuteka maji kwa pakacha, nikafunga begi langu.

Arobaini ilipopita nikaenda kumuaga Bibi Mwanahawa. Nilimkuta uani, korosho zimeanikwa kwenye mkeka mbele yake, na kando yake kuna ungo uliofunikwa kanga. Nikamwamkia, nikakaa, na kabla sijasema neno machozi yakanitoka. Akasema, "Kilio huanza mfiwa, mwalimu. Mbona wewe umenitangulia?"

Niliona haya. Nikajifuta, nikamwambia narudi kwetu, ualimu basi, maana niliyekuwa namfundisha ameshaondoka.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kimwera, lakini siku ile hakikumpungukia. Aliufunua ule ungo. Ndani yake korosho zilikuwa zimepangwa moja moja hadi zikafanya herufi: ZUHU.

"Alikuwa ananifundisha kule shamba," akasema. "Jioni tukimaliza kuokota, yeye anapanga, mie nafuata na kidole. Jina lake hilo. Akasema, bibi, kesho tutamaliza. Hiyo kesho ndiyo ile. Korosho za siku zile zote nimeuza, hizi zimenishinda." Akanitazama usoni. "Unasema mtu wako kaondoka. Haya aliyokuwa ananifundisha, yeye kayatoa wapi? Mie nimebaki na nusu ya mtoto. Ukienda, nani atanimalizia?"

Nikachota korosho kwenye mkeka, nikapanga R, kisha A. Bibi akaweka kidole chake mwanzoni, akafuata polepole mpaka mwisho, akalisoma jina la mjukuu wake. Ndipo akalia yeye kwanza, na mimi nikafuata, kama inavyotakiwa.

Usidhani nililifungua begi kwa furaha. Nililifungua kwa sababu kesho yake Bibi alitaka kulijua jina lake mwenyewe. Tangu hapo, kila msimu, alasiri niliwafuata watoto mashambani nikawafundisha kwenye vibanda vyao, kwa korosho na vijiti. Wapo walioendelea. Wapo walioacha, na wengine machimbo yaliwachukua. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini nyingine zilioza mikononi mwangu. Sasa nimestaafu, niko zangu hapa Nachingwea, na korosho zikianza kuanguka moyo bado unaniuma. Siwezi kukudanganya kwamba huwa unapoa.

Basi mwanangu, usingoje kuipenda kazi ndipo uifanye, wala usiipime kwa madawati yaliyojaa. Unapomfundisha mtoto hujui jioni anakaa na nani. Watoto wako wako mashambani, nawe una miguu, wafuate. Ukija kufiwa na mmoja wao, lia, maana mwalimu asiyelia sijui alikuwa anamfundisha nani. Kisha tazama ameacha nini nusu, ukimalizie. Na kabla ya herufi yoyote, wafundishe kupekua majani kwa kijiti, wasitumbukize mkono. Mimi somo hilo nililifundisha kila mwaka hadi nilipostaafu, na kila mwaka nililianza nikiwa nimewapa kisogo, wasinione uso.

Mungu akupe moyo mpana na sauti isiyokauka. Akuhifadhie mikono yote midogo unayoizoesha kalamu. Na siku utakapofunga begi, mwanangu, akukutanishe na mtu mwenye ungo. Amina.