Mpe Kiti

Mama mkwe wangu alisema atakwenda kanisani na pikipiki ya mzee, au haendi. Misa yenyewe ilikuwa ya kumwombea huyohuyo mzee, baba mkwe wangu, aliyetimiza mwaka tangu tumzike, na kanisa liko mbali kwa miguu yake. Bodaboda niliyemwita, yeye akamfukuza. Mume wangu alikuwa ametangulia na masufuria ya chakula.

Basi nikabaki mimi, Msukuma wa Biharamulo niliyeolewa Ngara, mzoefu wa pikipiki za kuwasha kwa kidole. Hii ilikuwa ya kiki, ya zamani, tangi limebabuka rangi, imeegeshwa nyuma ya jiko. Nilikanyaga kiki. Kimya. Nikakanyaga tena, ikanirudishia pigo la ugoko nikamwita mama yangu mzazi.

"Siyo hivyo, mwanangu," alisema mama mkwe. Hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini miaka yote ya ndoa alimtazama mumewe akiiwasha. "Fungua koki. Vuta choki. Shusha kiki taratibu mpaka igome. Halafu umpe kiti. Ndipo upige teke moja, wala usiguse mafuta."

Umpe kiti? Nilidhani nimesikia vibaya. Kiswahili kwetu sote wawili ni lugha ya shule na soko, siyo ya titi la mama. Nikapanda, nikakaa vizuri kwenye kiti cha pikipiki, nikapiga. Wapi!

"Siyo ukae wewe! Mpe kiti!"

Nikafikiri labda ni mila ya Wahangaza, watu wa mume wangu, na nani anataka kudharau mila za watu siku ya misa? Nikaingia jikoni, nikatoka na kigoda, nikakiweka mbele ya gurudumu kwa heshima zote. Mama mkwe akakitazama kigoda, akanitazama mimi. Sijui nani kati yetu alikuwa amechanganyikiwa zaidi. Nikapiga teke jingine, harufu ya petroli ikajaa uani.

"Imerewa sasa," alisema. Kulewa, yaani, imekunywa kupita kiasi. "Nimekwambia mpe kiti!"

Hapo hasira zikanipanda. Misa inakaribia, gauni limelowa jasho, na mimi nacheza maigizo na pikipiki. Nikakikalia kigoda mwenyewe, nikanuna. Naye akaweka mkono wake juu ya tangi. Tulikaa hivyo mpaka harufu ikapungua.

"Ehe. Sasa piga."

Nikashusha kiki mpaka ikagoma, nikapiga teke moja. Ikakohoa, ikanguruma, kuku wakatawanyika migombani.

"Kumbe ni kusubiri tu!" nilipiga kelele. "Mama, si ungesema subiri?"

Akaziba mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba tusi limetoka kwake. Kisha akanisogelea sikioni, maana pikipiki ilikuwa inapiga kelele, akanieleza. Neno hilo, kwa Kihangaza, limo ndani ya jina la baba mkwe wake. Mke hamtaji baba mkwe, wala halitamki neno lenye maana ya jina lake. Tangu aolewe hajalisema, kwa Kihangaza wala kwa Kiswahili. Mgeni anayesubiri si hupewa kiti? Basi yeye husema kiti, na mzee alimwelewa siku zote.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeanza kabisa.

"Siku ile ya mwisho, hospitali," alisema, "nilimwambia mzee anipe kiti. Nikarudia, baba, nipe kiti. Muuguzi akasikia, akakimbia kuniletea kimoja. Nikakikalia. Sasa sijui kama mzee alisikia, au alidhani nimechoka kusimama."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaanza kukifunga upya kiunoni, polepole sana. Misa ilikuwa imekwisha anza. Nikashika usukani, nikampa kiti.