Jenereta Lilipozimwa

Wanaonicheka wacheke, mimi sijutii hata neno moja. Nauza vitenge Kariakoo, na kompyuta siijui. Kuna mshauri wa ndoa ambaye mtaa mzima unamwandikia kwa barua pepe, maana jina lako hutaji. Basi nikaenda intaneti kafe nikamwomba dada wa pale anichapie. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta linanguruma mlangoni, ikabidi nimpigie kelele.

"Andika: mama mkwe alikuja kutusalimia, kahamia! Tuna chumba kimoja, tumegawa kwa pazia, na kila tukizima taa anakohoa makusudi!"

Umeme ukarudi, jenereta likazimwa. Mimi sikuzimika.

"Tangu Idi sijamshika mume wangu hata mkono!"

Kafe nzima ikanigeukia. Nikageuka. Kwenye benchi la kusubiria, kapakata mkoba wake, mama mkwe ananitazama.

Dada akauliza kwa sauti ndogo kama afute.

"Usifute! Tuma hivyo hivyo," nikamjibu. Kisha, adabu ni adabu, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukimaliza nipishe, na mimi nimekuja kumwandikia mshauri huyohuyo."